Nyuzi 90 Zisizoshuka: Nilivyotafuta Chanzo cha Joto la Prosesa katika Kompyuta Yangu ya Kwanza

Kompyuta niliyoiunganisha kwa mikono yangu kwa mara ya kwanza iliwaka bila shida, na kwa muda wa saa nzima niliamini kwamba kazi imekwisha. Kisha nikafungua BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofanya kazi kabla ya mfumo endeshi, kwenye ukurasa unaoonyesha joto, nikakuta prosesa ikisoma nyuzi 62 ilhali haijapewa kazi yoyote. Nikaweka Windows, nikaongeza programu ya HWiNFO ili nivione vipimo vyote mahali pamoja, halafu nikaendesha jaribio la dakika 10 la Cinebench R23, programu inayoipa prosesa kazi nzito ili kuipima. Sekunde chache hazijapita, namba ilikuwa imefika 90, na ikabaki pale pale bila kuyumba mpaka jaribio likaisha, huku feni zikivuma kwa nguvu zake zote.

Prosesa yenyewe ni Ryzen 7 5800X, yenye viini 8 (sehemu zinazofanya hesabu), ambayo kampuni ya AMD inayoitengeneza imeipa daraja la wati 105 na kuiruhusu kuvuta hadi wati 142 kupitia soketi yake, yaani tundu inamokaa kwenye ubao mama. Sandukuni haiji na kipoza joto, kwa hiyo nilikuwa nimekinunua kando: cha mnara mmoja, chenye mirija minne ya shaba, mapezi ya alumini na feni ya milimita 120. Kasha lilikuwa na feni mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Kwa karatasi, vifaa hivyo vilitosha.

Hofu yangu ya kwanza, kwamba prosesa ilikuwa inaungua, iliondoka nilipoelewa maana ya namba 90. Hicho ndicho kikomo cha joto ambacho AMD imekiwekea prosesa hii, na inapokifikia, yenyewe hupunguza volti na kasi ili isikivuke. Nilielewa pia kwa nini BIOS ilinionyesha joto kubwa kuliko nililoliona baadaye Windows ikiwa imetulia: ndani ya BIOS viini havipati nafasi ya kulala kama vinavyolala chini ya mfumo endeshi. Hata hivyo sikuridhika. Kazi yangu ni kuhariri video, na kutoa video ndefu huishughulisha prosesa kwa saa moja au mbili mfululizo. Prosesa inayofanya kazi ikiwa imegota kwenye kikomo chake cha joto wakati wote ni prosesa inayojipunguza wakati wote.

Kabla sijagusa skrubu hata moja, nilichukua daftari nikachora safu nne: joto la prosesa, wati inazovuta, kasi ya viini vyote, na joto la chumba. Nilijiwekea sharti la kubadili kitu kimoja tu kwa wakati, kisha kurudia jaribio lile lile la dakika 10. Mstari wa kwanza ulisomeka nyuzi 90, wati 108, gigahezi 4.15, chumba nyuzi 27. Uamuzi huo mdogo ndio uliookoa kazi yote iliyofuata, kama nitakavyoeleza.

Nilianza na kipoza joto kwa sababu ndicho nilichokifunga kwa wasiwasi mwingi zaidi. Kukiondoa kunahitaji subira kwa soketi ya AM4, aina inayotumiwa na prosesa hii, kwa kuwa prosesa zake zina pini 1,331 upande wa chini, na pesti ya joto (uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto) ikiwa imepoa inaweza kuishika prosesa na kuing'oa pamoja na kipoza joto hata kama wenzo wa soketi umefungwa. Niliiendesha kompyuta kwa dakika kadhaa ili pesti ilainike, nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikalegeza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, kisha nikakizungusha kipoza joto taratibu kushoto na kulia mpaka kikaachia chenyewe. Sikukivuta juu hata mara moja.

Alama ya pesti ilieleza yote. Upande mmoja ilikuwa imesambaa ikawa utando mwembamba, na upande wa pili ilikuwa bado nene, karibu kama nilivyoiweka, na pembe moja ya kifuniko cha prosesa ilikuwa kavu kabisa. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya kuigusa ya pili, na kwa hiyo kitako cha shaba kilikaa kimeinama. Katika prosesa hii kosa hilo lina uzito wa pekee. Viini vyote 8 vimo katika kipande kimoja cha silikoni chenye ukubwa wa takribani milimita za mraba 80, tena hakikai katikati ya kifuniko. Sehemu kubwa ya joto hutokea katika eneo dogo kuliko stempu, na mahali hapo pakikosa mgandamizo wa kutosha, mirija ya shaba haina namna ya kulifikia.

Nilifuta pesti yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi kilicholowanishwa kwa alkoholi, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya kunde katikati na nukta ndogo nne pembeni, nikashusha kipoza joto wima, kisha nikakaza skrubu mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, hadi zote zikagota. Nikawasha. Nikaendesha Cinebench. Namba ikapanda hadi 90, ikakaa.

Nakiri kwamba jioni ile nilivunjika moyo. Laiti ningekuwa naangalia joto peke yake, ningeamini kwamba kufunga upya hakukusaidia chochote, na pengine ningekimbilia kununua kipoza joto kingine. Lakini daftari lilikuwa na safu nne. Mstari mpya ulisomeka nyuzi 90, wati 136, gigahezi 4.45. Kipoza joto kilikuwa kinaondoa wati 28 zaidi ya awali kwa joto lile lile. Prosesa ilikuwa imepewa nafasi mpya na ikaijaza yote papo hapo, kama maji yanavyojaza mtungi mkubwa sawasawa na mdogo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba swali langu lilikuwa na sehemu mbili: namna joto linavyoondolewa, na nani aliyeiruhusu prosesa kuvuta umeme kiasi hicho.

Jibu la sehemu ya pili lilikuwa ndani ya HWiNFO, katika mstari unaoonyesha ni asilimia ngapi ya kikomo cha wati inatumika. Kwa wati 136, mstari ule ulisema asilimia 34. Hesabu ni rahisi: kikomo kilichowekwa kilikuwa karibu wati 400, wakati kikomo cha kawaida cha 5800X ni wati 142. Niliingia BIOS nikakuta kwamba Precision Boost Overdrive, kipengele kinachoweza kuiruhusu prosesa kuvuka mipaka yake ya kawaida ya umeme, kilikuwa kimeachwa kwenye hali ya kiotomatiki, na kwa ubao mama wangu, kiotomatiki kilimaanisha kufungua mipaka yote. Joto peke yake ndilo lililokuwa limebaki kuizuia prosesa. Nilikizima kipengele hicho. Jaribio lililofuata lilisoma nyuzi 85, wati 125, gigahezi 4.4, na sasa kilichoizuia kilikuwa kikomo cha ampea 140 ambacho AMD yenyewe imekiweka. Nilipoteza gigahezi 0.05, hasara ambayo sikuweza kuiona popote isipokuwa daftarini, na kwa mara ya kwanza namba ya joto ilikuwa imeachana na 90.

Kuachana na 90 kulikuwa na faida nyingine, kwani tangu hapo kila badiliko lilionekana wazi katika safu ya joto. Nilifungua ubavu wa kasha nikarudia jaribio, nalo joto likashuka hadi 79. Tofauti ya nyuzi 6 kwa kufungua ubavu tu inaonyesha kwamba hewa ndani ya kasha haizunguki inavyopaswa. Nilikata ukanda wa karatasi laini nikaushika mbele ya kila feni kwa zamu. Feni ya mbele iliuvuta ukanda kuelekea ndani, kama ilivyotakiwa, lakini feni ya nyuma nayo iliuvuta kuelekea ndani, ikikabiliana uso kwa uso na hewa ya moto iliyotoka kwenye kipoza joto. Nilikuwa nimeifunga kinyume. Katika feni nyingi za kompyuta hewa hutoka kupitia upande wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia mota, na upande huo ndio uliokuwa umeangalia ndani. Niliigeuza, nikafunga ubavu, na jaribio likasoma nyuzi 80 kwa wati zile zile 125.

Ningeweza kuishia hapo. Niliendelea kwa sababu nilitaka kompyuta iwe kimya wakati wa kusikiliza sauti za video, na ukimya hupatikana kwa kupunguza wati. Nilikiwasha tena kipengele cha Precision Boost Overdrive, safari hii nikiandika mipaka kwa mkono: kikomo cha wati 105, na cha ampea nikakiacha 140. Kisha nikaingia Curve Optimizer, sehemu inayoruhusu kupunguza volti ya kila kiini kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua ikiwa takribani milivolti 3 hadi 5. Yafaa nieleze kwamba AMD huuhesabu mpangilio huu kuwa ni kuitumia prosesa nje ya vipimo vyake, na uharibifu unaotokana nao haumo katika dhamana. Kwa kuwa nilikuwa napunguza volti na wati, niliikubali hatari hiyo.

Hapa nilifanya haraka. Niliandika hasi 25 kwa viini vyote, nikaendesha Cinebench kwa nusu saa, ikapita bila kosa, nikaona nimemaliza. Usiku wa siku ya pili, nikiwa naandika maelezo ya video na hakuna programu nzito iliyofunguliwa, skrini ilizima na kompyuta ikajiwasha upya. Ilirudia asubuhi. Katika kumbukumbu ya matukio ya Windows nilikuta kosa la maunzi la WHEA-Logger namba 18, lililotaja kiini kilichoshindwa. Nilichojifunza ni kwamba kazi nzito hailipimi punguzo hili vizuri. Viini vyote vikifanya kazi pamoja, kasi huwa ya chini na volti iliyobaki hutosha. Ni pale kiini kimoja kinapoamka ghafla kwa kazi ndogo ndipo kinapokimbilia kasi ya juu kabisa, gigahezi 4.7 au zaidi, na hapo ndipo volti iliyopunguzwa mno huonyesha upungufu wake. Aidha, viini bora, vile ambavyo prosesa huvichagua kwanza kwa kazi za kiini kimoja, ndivyo vinavyostahimili punguzo dogo zaidi, kwa kuwa kiwandani tayari vimepangiwa volti iliyobana.

Niliviwekea viini viwili bora hasi 8, na vile sita vilivyobaki hasi 18. Sikupima kwa Cinebench peke yake tena. Niliiacha kompyuta ikiwa imewashwa bila kazi usiku kucha, nikatumia kivinjari mchana kutwa, nikaendesha majaribio ya kiini kimoja kimoja, na nikakagua kumbukumbu ya matukio kila jioni kwa wiki mbili. Kosa lile halikurudi. Cinebench sasa ilisoma nyuzi 71, wati 105 na gigahezi 4.4, yaani kasi ile ile niliyoipata kwa wati 125.

Jambo moja halikuondoka, nalo ni mirukoruko ya joto kompyuta ikiwa imetulia. Hukaa kwenye 38, inaruka hadi 50 ninapofungua faili, inarudi. Nimelikubali, kwa sababu ni tabia ya prosesa yenyewe: kiini kimoja hupandisha kasi na volti kwa sehemu ya sekunde, na joto la kipande kile kidogo cha silikoni hupanda kabla shaba haijapata muda wa kulipokea. Lililokuwa likiudhi ni feni kuifuata kila ruko, ikipiga kelele na kunyamaza kila baada ya sekunde chache. Katika BIOS niliipangia isizidi asilimia 40 ya kasi yake hadi nyuzi 60, kisha ipande polepole mpaka 80, na isubiri sekunde kadhaa kabla ya kubadilika. Tangu hapo siisikii isipokuwa wakati wa kutoa video.

Mipangilio yote niliihifadhi ndani ya BIOS, nikainakili pia daftarini chini ya mistari ya vipimo. Miezi michache baadaye nilisasisha BIOS, na masasisho yakafuta kila kitu, pamoja na ile nakala niliyoihifadhi humo. Nilijua kabla sijafungua ukurasa wowote, kwa sababu feni zilianza kuvuma na HWiNFO ikaonyesha tena 90. Nilifungua daftari, nikaandika upya wati 105, ampea 140, hasi 8 kwa viini viwili, hasi 18 kwa sita na mpangilio wa feni, nikaendesha jaribio la dakika 10. Chumba kilikuwa nyuzi 26 siku hiyo, na prosesa ikatulia kwenye 70.