Bundi wa ghalani na sanduku lake

Ukisikia usiku darini sauti kama ya mtu anayekoroma, usikimbilie kwa mganga. Ni makinda wa bundi wanadai chakula. Bundi huyu, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, hapigi mlio wa "huu-huu". Yeye hukwaruza koo kwa ukali, na kwa sauti hiyo watu wamempiga mawe bure miaka mingi. Kwa mkulima wa mahindi ni mlinzi asiyelipwa.

Kiota hajengi. Hutaga kwenye mbao tupu, kwa kawaida mayai 4 hadi 6, na tandiko lake ni vidonge anavyovitapika mwenyewe: manyoya na mifupa iliyoshikana, kila kimoja kinene kama kidole gumba. Loweka kimoja kwenye maji, ukichambue kwa kijiti. Utakuta fuvu zima la panya, meno ya mbele ya rangi ya chungwa yangali mahali pake. Mara nyingi mafuvu ni mawili au matatu.

Kama humtaki darini, weka sanduku kwanza. Tundu la dari utaliziba makinda wakisharuka, kama wiki 9 hivi tangu waanguliwe. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, milimita 12, inatosha: urefu inchi 24, upana 16, kimo 26. Mlango uwe inchi 5 kwa 5, na ukingo wake wa chini uwe inchi 18 juu ya sakafu ya sanduku. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea, wanautoboa chini. Kinda hutambaa mlangoni kabla mbawa hazijakomaa, anaanguka, na wazazi kwa kawaida hawamlishi akiwa chini. Anakufa kwa njaa huku nduguze wanashiba juu.

Litundike futi 10 au zaidi kutoka ardhini, mbali na bati, maana joto la mchana huua makinda. Toboa vitundu vya hewa na vya kutoa unyevu. Nyuki nao hulipenda. Likaguliwe kabla hawajajaza masega. Safisha mara moja kwa mwaka, likiwa halina mayai wala makinda, pua na mdomo umevifunga.

Yote hayo ni kazi bure ukiendelea kutega sumu zenye brodifakumu au bromadioloni. Panya aliyeila hafi papo hapo. Damu inakataa kuganda, anazubaa siku kadhaa, na panya mzito wa kukimbia ndiye bundi humkamata kwanza. Sumu inahamia kwake na kwa makinda. Soma lebo kabla ya kununua. Ndani ya ghala tumia mitego ya kubana, na kila nguzo ivishe kofia ya bati, futi 3 kutoka chini, panya asipande. Wa nje mwachie bundi.