KamusiKali: pickle imekubali, `|=` isubiri kidogo

Imekubali! KamusiKali ni klasi yangu ya Python: kamusi (`dict`) inayokubali funguo za aina moja tu. Yenye funguo za `int` (namba kamili) tupu sasa inaingia pickle, moduli inayogeuza vitu kuwa baiti na kuvirudisha, na kutoka salama, na `True` bado inakataliwa. Hilo la `True` halikunisumbua: `bool`, aina ya `True` na `False`, ni klasi-mtoto ya `int`, kwa hiyo `isinstance` inaipitisha, lakini `type(k) is int` haiipitishi.

Kilichonikaba ni hiki: `copy.copy` ilifanya kazi tangu mwanzo, ila `pickle.loads` ikarusha AttributeError kwamba `_aina`, sifa inayoshika aina inayoruhusiwa, haipo. Kamusi ileile, `__reduce_ex__` ileile (mbinu inayoeleza kitu kijengwe upya vipi)! Nikatapakaza `print` ndani ya `__setitem__`, mbinu inayoingiza na kukagua kila ufunguo, nikaona ufunguo wa kwanza unaingia wakati kamusi haina sifa hata moja.

Debaga ya kihariri haikufua dafu, maana kazi ya pickle yenyewe inafanyika ndani ya msimbo wa lugha ya C. Aliyenifumbua macho ni `pickletools.dis`. Chombo hiki hakisifiwi inavyostahili, na kimo ndani ya Python yenyewe. Ukikipa baiti, kinakuchapia maagizo moja baada ya jingine. Ndipo nikaona SETITEMS imetangulia, BUILD inafuata. Yaani pickle inajaza funguo kwanza, halafu ndiyo inarudisha `__dict__`, yaani sifa za kitu, `_aina` ikiwemo. `copy` hufanya kinyume. Na `__init__`, mbinu inayoandaa kitu kipya, haiitwi na yeyote kati yao, kwa hiyo mlinzi yuko mlangoni kabla hajakabidhiwa orodha ya wageni.

Dawa yenyewe:

```
def __reduce__(self):
    return (type(self), (self._aina, dict(self)))
```

Sasa lazima ipitie `__init__`, aina inajulikana mapema, na kila ufunguo unakaguliwa upya. `deepcopy`, inayonakili hadi vilivyomo ndani, nayo imepita.

Wapo wanaosema mypy, chombo cha kukagua aina kabla programu haijaendeshwa, inatosha. Naipenda, naiendesha kila nikihifadhi faili, lakini inaruhusu `True` kwenye `dict[int, str]`, na haioni data inayoingia programu ikiwa inakimbia. Andika kamusi yenye ufunguo 7 kwenye JSON (muundo wa data wa maandishi), uisome tena: unapata "7".

Leo ilikuwa zamu ya `|=`, alama ya kumimina kamusi moja ndani ya nyingine, iliyoingia Python 3.9 na ambayo hupita pembeni ya `__setitem__` bila kubisha hodi. Nimeiweka kando, kwa sababu wazo jingine limenivaa: aina ikae kwenye klasi yenyewe, `KamusiKali[int]`, kwa kutumia `__class_getitem__`, mbinu inayoitwa klasi ikiwekewa mabano ya mraba. Kikwazo nakiona tayari: pickle hutafuta klasi kwa jina ndani ya moduli, na klasi iliyozaliwa programu ikikimbia haipatikani huko. Nimeshaanza funksheni ya `jenga(aina, data)` ili `__reduce__` iirudishe hiyo badala ya klasi.