Uzito uliokaa upande

Hapa karakanani Chang'ombe tunatengeneza mtambo wa kugeuzia fremu ya chuma wakati wa kuchomelea, na swali linalonishughulisha ni nguvu ya kuzungusha tutakayohitaji. Fremu ni bapa, ina kilo 180, na haina umbo la kueleweka: upande mmoja umebeba bamba nene, upande wa pili ni mabomba matupu.

Nilianza na momenti ya inesha, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kubadilishiwa mwendo wa kuzunguka, hesabu ninayoipenda sana. Unaigawa fremu katika vipande vyenye umbo rahisi, unatafuta inesha ya kila kipande, kisha unaongezea masi yake mara mraba wa umbali kutoka kwenye mhimili. Mraba huo ndio wenye kazi: bamba la kilo 25 lililo sentimita 80 kutoka mhimilini linachangia 16 peke yake, katika jumla ya takriban 30 za kilogramu-mita mraba. Hata hivyo, uchomeleaji unataka mwendo wa polepole, na kuifikisha fremu kwenye mzunguko 1 kwa dakika ndani ya sekunde 2 kunadai nyutoni-mita 1.6 tu.

Mzigo wenyewe uko kwenye kitovu cha uzito, pale ambapo uzito wote wa fremu ni kama umekusanyika. Tuliining'iniza fremu kwa mnyororo, tukateremsha timazi na kuufuata uzi wake kwa chaki, kisha tukaining'iniza kwa pembe nyingine na kuchora tena. Mistari ilikatana sentimita 12 kutoka mahali pa mhimili. Kwa kuwa mhimili wetu umelala, kitovu hicho kikifika usawa wake kinadai nyutoni-mita 212, zaidi ya mara 130 ya zile zinazodaiwa na inesha niliyoihangaikia.

Mzee anayetuchomelea aliniambia, "Mwanangu, nunua mota kubwa, yaishe." Namheshimu, lakini mota kubwa ingepambana na uzito huo kila mzunguko, na umeme ukikatika fremu ingeweza kumshukia yeye aliye chini yake. Kilo 40 zikifungwa sentimita 54 upande wa pili, mkabala kabisa na kitovu, zinaufuta mvuto huo wote. Inesha inapanda hadi karibu 42, na nguvu ya kuanzia mwendo inakuwa nyutoni-mita 2.2, gharama ndogo mno.

Kinachobaki ni msuguano wa beringi, ambao tutaupima kwa kuzungushia kamba kwenye shafti na kuivuta kwa mizani ya springi, ndipo tuchague mota na giaboksi. Breki nitaiweka vilevile, maana fremu itakayofuata itakuwa na umbo jingine, na kilo hizo 40 hazitaifaa mpaka zisogezwe.