Nilivyofika mahali pa kusikilizwa kwenye ubishi wa kwotabeki gani achukuliwe mapema

Kila mwaka ukikaribia mwisho wa mwezi wa nne, kazini kwetu hapa Houston habari inakuwa moja tu, drafti ya NFL, yaani ligi kuu ya mpira wa Kimarekani inavyogawana wachezaji wapya, na ndani ya drafti yenyewe watu wanagombana kuhusu makwotabeki, nani anastahili kuchukuliwa namba za juu na nani anapewa sifa za bure. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye Coastal Union, mpira huu wa kushika mikononi nimeukuta ukubwani, na leo nataka nieleze nilivyofanya mpaka wenzangu wakawa wananiuliza "wewe unasemaje?" kabla hawajaanza kurushiana maneno. Najua kuna Waswahili kibao huku Marekani wanakaa kimya wakati wa breki kwa sababu wanaona mada sio yao. Jamani, ni tamu sana, ingieni.

Kwa asiyefuatilia, kwotabeki ndo anayeupokea mpira karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi, yaani chukua kiungo mchezeshaji umuongezee unahodha na nusu ya kazi ya kocha, ndo yeye. Timu ziko 32, zinachagua vijana wa vyuoni kwa zamu, raundi 7, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita inaanza. Mshahara wa kijana unaenda na namba aliyochukuliwa, ndo utaratibu tangu makubaliano ya 2011, mkataba ni miaka 4 na wale wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza wa 5. Kwahiyo ukimchukua asiyefaa, hela unaweza kuivumilia, kinachouma ni ile nafasi imeenda, na miaka miwili mitatu ya timu nzima imeenda nayo.

Kazini kwetu wabishi wakubwa ni wawili. Kuna mzee wangu mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, yuko hapa Texas muda mrefu kuliko mimi, anaupenda huu mpira kweli kweli na yeye anapenda vijana wenye miili na mikono ya nguvu. Halafu kuna jamaa wa Louisiana, shabiki wa LSU, chuo kikuu cha Louisiana, kufa na kupona, kwake kijana yeyote aliyevaa jezi ya zambarau na dhahabu ni namba moja. Shifti yetu ni ya usiku, breki fupi, kwahiyo huna muda wa kujieleza sana, ukiongea kitu kisicho na mguu kinakatwa hapo hapo.

Nilichofanya kwanza ni kuachana na zile video za magoli matamu tu. Unajua zile dakika tano za kijana anatupa mpira yadi 60 na mtu anaudaka? Pale kila mtu ni mfalme. Nikaanza kukaa Jumamosi naangalia mechi nzima za vyuo, na kwa kuwa mechi moja inakula masaa matatu na zaidi, nikawa nakazana na sehemu moja: jaribio la tatu. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, na ikifika la tatu na bado kuna yadi nyingi, wapinzani wanajua pasi inakuja, wanamtuma kila mtu amkimbilie kwotabeki. Hapo sasa mwangalie miguu na macho. Miguu inatulia au inarukaruka? Macho yapo mbele kwa wenzake au ameshaanza kuwaangalia wanaomkimbilia? Mpira anauachia au anaukumbatia mpaka anaangushwa nao? Mambo hayo matatu nikayaandika kwenye daftari, mechi kwa mechi, jina kwa jina.

Drafti ya 2023 ndo ilinipa heshima, na ilituhusu moja kwa moja maana Texans, timu yetu ya Houston, walikuwa wamemaliza msimu na ushindi 3 tu na walikuwa na namba 2. Carolina wapo juu yao na namba 1. Majina ni Bryce Young wa Alabama, C.J. Stroud wa Ohio State na Anthony Richardson wa Florida. Mzee wangu alishaoa kwa Richardson, na ukweli kule Indianapolis, kwenye vipimo vya mwili wanavyofanyiwa vijana kabla ya drafti, yule kijana alitisha, kilo zaidi ya 110 anakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.43, akaruka juu inchi 40.5, hakuna kwotabeki aliyekuwa amewahi kuruka hivo pale kabla yake. Mzee anasema, "Mdogo yangu, mukono kama hii hata Mungu anatoa mara moja. Vingine vyote atafundishwa."

Mimi nikashika kwa Stroud. Kelele mjini ilikuwa kwamba Stroud hawezi kucheza mambo yakiharibika, eti amelelewa na washambuliaji wazuri na ukuta mzuri, na karibu na drafti ikavuja habari ya mtihani mmoja wa akili wa kwenye kompyuta kwamba alipata alama ndogo. Mimi nikawaambia turudi kwenye nusu fainali ya vyuo dhidi ya Georgia, usiku wa kuamkia mwaka 2023. Georgia ile ilikuwa bingwa mtetezi, ukuta wake una Jalen Carter aliyekuja kuchukuliwa namba 9 na Eagles. Stroud anakimbizwa kulia, anarudi nyuma, anasogea kushoto, na kichwa kiko juu muda wote anatafuta mtu, mpira unatoka mkononi kabla mkono wa beki haujamfikia. Yadi 348 za pasi, tachidauni 4 (ndo magoli yao), hakuna hata intasepsheni moja, yaani pasi iliyodakwa na wapinzani. Shambulizi la mwisho akaamua kukimbia mwenyewe, akala yadi 27 kuisogeza timu ipate kupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo, mpigaji akakosa saa sita usiku ikiingia, wakafungwa 42 kwa 41. Nikamwambia mzee, mwanangu huyu kashindwa mechi lakini maswali yote ameyajibu, na ameyajibu mbele ya watu wagumu kuliko wote. Richardson tumeona mechi 13 tu alizoanza Florida, na mwaka wake wa mwisho kwenye kila pasi 100 zilizofika ni 54 hivi. Ukimchukua namba 2 unanunua kitu ambacho hakijaonekana.

Mzee hakukubali kirahisi, na hoja yake ilikuwa nzito, akaniletea Josh Allen. Na kweli Allen alitoka Wyoming na asilimia 56 ya pasi, akachukuliwa namba 7 mwaka 2018 watu wanacheka, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi wa msimu wa 2024. Hili jibu lake ndo lilinichukua muda kulitengeneza, na naona ndo linalosaidia kwenye kila ubishi wa namna hii. Allen alikuwa ameshaanza mechi karibu mara mbili ya Richardson. Alafu Bills, timu iliyomchukua, hawakumuacha peke yake, 2020 wakamletea mdakaji Stefon Diggs, na mwaka huo huo pasi zake zikapanda mpaka asilimia 69. Sasa jiulize ni timu ngapi zina subira hiyo na ni vijana wangapi wa pasi mbovu wamebadilika hivo. Kila mtu akitaka kutetea kijana asiyelenga vizuri anamtaja Allen, na ukimuomba wa pili anaanza kukuna kichwa.

Yaliyofuata mnayajua. Texans wakamchukua Stroud, akatupa tachidauni 23 na intasepsheni 5 msimu wa kwanza, ile mechi na Tampa Bay mwezi wa 11 akapiga yadi 470 na tachidauni 5, ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde 6, mji mzima ulikuwa unapiga honi. Tukaingia mtoano tukawafunga Browns 45 kwa 14. Richardson akaenda Colts namba 4, akaumia bega mapema, na 2024 pasi zake zikashuka chini ya nusu mpaka wakamuweka benchi wakamuanzisha Joe Flacco mwenye miaka 39. Sifurahii hilo hata kidogo, yule kijana kipaji anacho, ninachosema ni kwamba alihitaji mechi nyingine nyingi za chuo kabla hajabebeshwa mji.

Mfano ninaopenda kuutoa mtu akisema mechi chache si tatizo ni wa San Francisco. 2021 walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na ya raundi ya tatu juu yake wapande kutoka 12 hadi 3, wakamchukua Trey Lance wa North Dakota State aliyekuwa amecheza mechi moja tu mwaka 2020. Mwaka mmoja baadaye, namba 262, mtu wa mwisho kabisa kwenye drafti nzima, wakamchukua Brock Purdy aliyekuwa ameanza miaka minne Iowa State. Lance wakampeleka Dallas kwa nafasi ya raundi ya nne, Purdy akawafikisha Super Bowl, fainali ya ligi, ya mwezi wa pili 2024. Hii nikiitaja jamaa wa Louisiana huwa anagonga meza.

Yeye zamu yake ilikuja 2024. Makwotabeki 6 ndani ya namba 12 za kwanza, haijawahi kutokea mapema hivo, kwahiyo ubishi ulikuwa wa mwezi mzima. Safari hii nilikuwa upande wake kuhusu Jayden Daniels, sio kwa sababu ya jezi, ni kwa sababu daftari langu lilinionyesha mtu aliyecheza miaka mitano, Arizona State halafu LSU, na kila mwaka anaongeza kitu. Mzee akasema ana miaka 23, amechakaa, afadhali Drake Maye wa North Carolina, mdogo, mrefu. Mimi kuhusu Maye nilisema anafaa namba za juu na bado nasema hivo, lakini Washington wanahitaji mtu wa kuanza wiki ya kwanza. Daniels akaichukua timu iliyoshinda mechi 4 akaifikisha ushindi 12 na fainali ya kanda. Bo Nix naye, aliyeanza mechi 61 chuoni, rekodi wakati ule, watu wakasema Denver wamekurupuka kumchukua namba 12, akawapeleka mtoano mwaka wa kwanza tu.

Lakini kuwa mkweli kwenye ubishi ndo kunakufanya usikilizwe, kwahiyo huwa nawatajia mwenyewe kabla hawajanitajia: Kenny Pickett. Alianza mechi nyingi sana pale chuo cha Pittsburgh, Steelers wakamchukua namba 20 mwaka 2022, misimu miwili wakamuuza. Mechi nyingi zinakuonyesha kijana ni nani, na wakati mwingine zinakuonyesha amefika mwisho wake. Ndo maana siangalii idadi peke yake, naangalia kama mwaka wa nne macho yake yanaona vitu ambavyo mwaka wa pili hayakuviona.

Kitu kingine nilichojifunza kukisema mapema ni anakwenda wapi. Bryce Young nilimpenda na bado nampenda. Carolina ili wapate namba 1 walitoa nafasi nne kwa Chicago na juu yake wakatoa D.J. Moore, mdakaji wao bora, yaani wamemleta kijana mfupi wa futi 5 na inchi 10 halafu wamemuondolea mtu wa kumtupia. Akaangushwa mara 62, timu ikashinda mara 2, na ile nafasi waliyoitoa ya mwaka uliofuata ikageuka kuwa namba 1 na Chicago wakamchukua Caleb Williams kwa hiyo. Kumhukumu Young bila kuitaja biashara ile ni kumuonea.

2025 kelele zilikuwa za Shedeur Sanders, na kwa kuwa baba yake ni Deion, nyota wa zamani wa NFL, kila mtu ana maoni hata asiyeangalia mpira. Mimi msimamo wangu ulikuwa kwamba analenga vizuri sana lakini akikimbiliwa anarudi nyuma, nyuma, nyuma, anaangushwa yadi 10 au 15 kutoka alipoanzia, na hilo kwenye ligi kubwa linaua shambulizi, kwahiyo sio wa namba kumi za kwanza. Akateremka mpaka 144 kwa Browns, na hapo nikamtetea kwa nguvu zote maana 144 ni dhuluma kwa mtu anayelenga vile.

Ila mtu wangu mwaka ule alikuwa Cam Ward, kijana wa West Columbia hapo kusini ya Houston, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Sekondari yake walikuwa wanakimbia na mpira tu, pasi kidogo, vyuo vikubwa havikumtaka, akaanzia Incarnate Word pale San Antonio, akaenda Washington State, akamalizia Miami, na kila ngazi aliyopanda alifanya vizuri kuliko ile ya chini. Hapo sisi watatu tukawa pamoja, mzee kwa sababu ya mkono, jamaa wa Louisiana kwa sababu ya ujasiri, mimi kwa sababu ya ile safari yote. Titans wakamchukua namba 1. Mwezi wa kumi 2025 wakamfukuza kocha Brian Callahan wakiwa wameshinda mechi moja kati ya sita, na kipindi kile breki zetu zote zikawa zinaishia hapo: mzee anasema mtoto apewe kocha na wadakaji kwanza ndo tumhesabie, jamaa wa Louisiana anasema namba 1 ni namba 1 lazima abebe timu, na mimi nilikuwa na mzee.