Volti tatu zilizopotea kwenye Forester ya Kibaigwa

Forester ile ya turbo iliingia gereji Kizota, Dodoma, na boksi la pampu mpya ya mafuta likiwa kwenye siti ya mbele. Mwenyewe, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba pampu iliyomo imechoka, anunue ya lita 340 kwa saa. Kwangu hakuja kuuliza. "Fundi, chomoa hiyo, weka hii, mimi leo nataka kulala Morogoro."

Injini ilikuwa EJ205 ya sisi 2,000 iliyoongezewa mambo: turbo kubwa kuliko ya kiwandani, nozeli za sisi 550 kwa dakika, kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeandikwa upya, na busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, imewekwa bar 1.1 kwa vali ya kurekebisha kwa mkono. Pampu ya ndani ya tangi nayo ilishabadilishwa, aina ya lita 255. Ugonjwa ulikuwa huu: gia ya tatu, mafuta mpaka chini, ikipita mizunguko 5,500 geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli inatoka 11.2 inapanda 12.9, yaani petroli inapungua, kisha gari linakwamakwama. Kwa petroli ya kawaida na busti hiyo, 12.9 ni namba ya kupasua pistoni kwenye mifereji ya ringi, na EJ haina huruma hapo.

Tangi lilisubiri kwanza. Nilifunga geji ya presha kwenye mpira unaoingia reli ya nozeli, nikaipitisha pembeni ya boneti na kuibandika kwenye kioo cha mbele kwa selotepu, tukatoka barabara ya Singida alfajiri, kipande kisicho na watu. Gari likinguruma pale pale, mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha, kinachorudisha mafuta ya ziada tangini) ukiwa umechomolewa, presha ni bar 3. Kila busti inavyopanda, presha ya mafuta inapaswa kupanda kwa kiasi kile kile, ili nozeli ione tofauti ya bar 3 muda wote. Kwa busti ya 1.1 tulitegemea 4.1. Sindano ilifika 4.0, ikasita, halafu ikateremka hadi 3.4. Ingeganda kwenye 3.0 tangu mwanzo ningemshuku regyuleta au mpira wake. Kupanda kisha kushuka maana yake regyuleta imeshafunga njia ya kurudi yote na pampu haina kingine cha kutoa.

Mpaka hapo yule aliyesema pampu alikuwa sahihi. Pampu ilikuwa haitoshi, na swali lililobaki ni kwa nini.

Hesabu ya haraka niliyomwandikia bosi mwenye gari nyuma ya risiti: injini ya turbo hutumia takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila farasi mmoja kwa saa. Kwa injini hii, tuseme farasi 300, ni kama kilo 82, yaani lita 110 kwa saa. Ongeza asilimia 20 ya akiba, unapata 132. Pampu iliyoandikwa 255 inaonekana ina ziada ya kumwaga, lakini namba ya kwenye boksi hupimwa kwa presha ndogo na volti 13.5. Presha ikipanda, mtiririko unashuka. Volti zikishuka, unashuka zaidi, na ukiwa kwenye presha kubwa unashuka kwa kasi kuliko watu wanavyodhani.

Nikaweka mita. Betri, injini ikiwaka na pampu ikisukuma kwa nguvu yote: 13.9. Kwenye plagi ya pampu chini ya siti ya nyuma: 10.9. Volti tatu zimeishia njiani. Nikapima upande wa hasi peke yake, kutoka waya wa pampu hadi bodi ya gari: 0.9. Hasi ilikuwa imefungwa kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Waya wa moto nao ulikuwa umekatwa, ukasokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Pembeni nilikuta rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, imeachwa inaning'inia, ncha zake za ndani zimeungua.

Rilei ile ilieleza kila kitu. Kwenye Forester hii pampu haipewi umeme moja kwa moja. Ina moduli yake inayoukatakata umeme: theluthi moja gari likiwa saileni (linanguruma bila kukanyagwa), theluthi mbili likitembea, na wote ukikanyaga. Aliyeitangulia kazi alichukua amri ya rilei baada ya moduli, kwa hiyo rilei ikawa inafungua na kufunga kwa kasi ya umeme uliokatwakatwa. Inatetema kama nyuki kwenye kopo hadi ncha ziungue. Akaona rilei ndiyo mbovu, akaitoa, akaacha kiraka.

Kabla ya kugusa mafuta nilichomoa fyuzi ya pampu, injini ikazima yenyewe, nikapiga starta kidogo kumaliza presha, nikatoa hasi ya betri. Mama lishe jirani nikamwomba asogeze jiko la mkaa upande wa pili wa uzio. Akalalamika, lakini akasogeza. Vumbi la juu ya kifuniko cha tangi nililipuliza kwanza, maana vumbi la Dodoma likiingia mle hukaa kwenye soksi ya pampu, chujio lake la chini. Soksi yenyewe niliikuta safi.

Kisha kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mpira wa mafuta yanayorudi niliuelekeza kwenye dumu lenye alama za ujazo, injini imezimwa, umeme unatoka gari lingine linalonguruma kupitia nyaya za kubusti betri, pampu imepewa umeme bila kupitia moduli. Nozeli zimefunga, kwa hiyo yote yanayotoka yanarudi. Kwenye chuchu ya regyuleta, mahali pa mpira wa vakyumu, nikaunga pampu ya baiskeli yenye geji na kijana akaishikilia kwenye bar 1.1. Presha ya reli ikasimama 4.1, sawa na kuwa barabarani. Kwa nyaya za zamani, sekunde 30 zilitoa lita 0.95, ambazo ni lita 114 kwa saa, na hapo taa, feni na AC havijawashwa.

Nikavuta waya mpya wa milimita mraba 4, wa nyuzi nyingi, meta tano kutoka betri. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse, mtikisiko huuvunja. Fyuzi ya ampea 20 ikakaa ndani ya sentimita 15 kutoka betri, rilei ya ampea 30 nyuma: mguu namba 30 kwa moto wa betri, 87 kwenda pampu, 85 bodi, 86 amri. Amri niliichukua kwenye waya unaoingia moduli, ambao hauna mkato. Injini ikizima ghafla, kontroli boksi bado inakata pampu. Wanaochukua amri kwenye swichi ya ufunguo wanaacha pampu imwage mafuta hata gari likipinduka. Hasi nayo ikapata waya wake wa milimita 4 hadi chuma kilichokwanguliwa rangi.

Pampu ile ile, dumu lile lile: volti 13.5, lita 1.5 kwa sekunde 30. Lita 180 kwa saa.

Bosi akalitazama boksi lake. "Sasa hii ya 340?" Nikamwambia ingevuta ampea nyingi zaidi kwenye waya ule ule wa zamani, na ampea zikizidi ndivyo volti zinavyozidi kupotea. Kuna pia vifaa vya kupandisha volti za pampu hadi 17 wakati wa busti. Vinafanya kazi, ila kuvifunga juu ya kiraka ni kuharibu hela.

Sasa pampu inasukuma kikamilifu hata saileni, kwa hiyo nikarudi kwenye geji kuona kama regyuleta inaweza kurudisha yote: 3.0, vizuri. Ingekuwa 3.3 mpira wa kurudi ungekuwa mwembamba. Mafuta pia huzunguka na kupata joto, ndiyo maana nilimkataza kushuka chini ya robo tangi mwezi wa kumi na moja. Akiba ile ya asilimia 20 nayo haikuwa ya pambo. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu, na vali ya mkono huhesabu busti juu ya hewa iliyopo. Bar 1.1 ya hapa, ukiipeleka Dar, inabeba hewa zaidi kwa kama asilimia sita, na mafuta lazima yafuate.

Morogoro alilala siku iliyofuata. Aliporudi kwa sevisi tuliinua siti: nyaya safi, ila pini moja ya plagi ya juu ya tangi imeanza kuwa kahawia. Plagi hiyo haikutengenezwa kwa ampea hizo. Tukakata, tukaweka yenye pini nene.