Nilivyotuliza chaneli za 100G kwa kupunguza mwanga

Wiki mbili mfululizo chaneli zetu mpya za 100G (gigabiti 100 kwa sekunde, kila chaneli ni rangi yake ya mwanga ndani ya uzi mmoja wa kioo) kati ya Dodoma na Mwanza zilinikosesha usingizi. Laini haikukatika, ila makosa ya biti kabla ya kusahihishwa yalikuwa yanapanda kila siku. Nikafanya nilichozoea tangu enzi za 10G: nikaongeza nguvu ya mwanga, desibeli moja. Makosa yakazidi.

Hapo nikajua adui si kelele ya amplifaya, vifaa vya kukuza mwanga njiani. Kelele hiyo ukiiongezea mwanga inazidiwa. Hii ilikuwa inatoka kwenye uzi wenyewe: mwanga ukiwa mkali, kioo kinabadilika kidogo namna kinavyoupitisha, ndiyo athari ya Kerr, na chaneli zinaanza kuvurugana. Ukizidisha nguvu ya chaneli zote mara mbili, vurugu hiyo inakua mara nane.

Usiku wa matengenezo nikakaa kwenye kibanda cha mitambo Singida, mwenzangu yuko Mwanza kwenye simu. Nashusha nusu desibeli kwenye kila amplifaya ya njia, tunasubiri dakika tano, ananisomea idadi ya makosa, naandika kwenye daftari.

"Kaka, yameshuka."

Nusu nyingine. "Yameshuka tena."

Tulianzia +3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) kwa kila chaneli. Kwenye +0.5 makosa yakatulia. Kwenye 0 yakaanza kupanda, maana sasa kelele ya amplifaya ndiyo imeshika usukani. Nikarudi +0.5, nikaacha hapo.

Chaneli mbili bado zilisumbua, na zote zilikuwa zimepakana na 10G za zamani. Hizi za zamani zinatuma data kwa kuwasha na kuzima mwanga. Kila zikiwaka zinatikisa fezi ya jirani, yaani mpangilio wa mawimbi ya mwanga wake, na 100G data yake imebebwa humo humo kwenye fezi. Hizo 100G mbili tukazihamishia upande wa pili wa bendi, yaani safu ya rangi tunazotumia, tukaacha nafasi tupu kati yake na 10G. Asubuhi zilikuwa sawa na 100G nyingine.

Kilichobaki ni koili za kufidia mtawanyiko (mapigo ya mwanga kutanuka yakisafiri), zilizowekwa kwa ajili ya 10G. Kila kituo zinairudishia ishara umbo lake, kwa hiyo vurugu ya kipande kimoja inajipanga juu ya ile ya kipande kilichotangulia. 100G haizihitaji kabisa. Kipokezi chake kinafidia chenyewe kwa hesabu. Nimeomba wateja wa 10G wahamishwe. Siku wa mwisho akihama, nitazitoa kwa mikono yangu.