Kabla ya kitambaa cha kochi, jifunze stichi fupi

Naona wengi wanaoanza kroshia wanakimbilia kitambaa cha kochi chenye maua siku ya kwanza tu, af wanakata tamaa, sindano inaishia kwenye droo. Inaniuma kwa kweli, maana ukikaa na stichi moja fupi mpaka mkono ukaizoea, hayo maua yatakuja yenyewe. Kwenye patani (maelekezo ya kufuma yaliyoandikwa) za Marekani inaitwa singo krosheti, ila za Uingereza hiyohiyo wanaiita dabo, so angalia kwanza patani yako ni ya wapi.

Chukua uzi mnene wa sweta wa rangi nyepesi (nyeusi vitanzi havionekani kabisa) na sindano ya kroshia ya mm 5. Ile ya saluni ya kupachikia rasta, yenye kile kifuniko kidogo kinachofunguka na kufunga, hiyo waachie wasusi.

Funga kitanzi kinachoteleza, kiweke kwenye sindano, zungushia uzi kutoka nyuma kuja mbele, uvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ndo cheni 1. Piga 11, halafu rudi nyuma, kile kitanzi kilichopo kwenye sindano usikihesabu, ruka cheni ya kwanza uchome ya pili, zungushia uzi, vuta, sasa una vitanzi 2 kwenye sindano, zungushia tena na uvute upite vyote 2 kwa mpigo. Basi, hiyo ndo stichi. Rudia hivyohivyo kwenye kila cheni, ukifika mwisho unakuwa na stichi 10, piga cheni 1 ya kupandia, geuza kazi, endelea, na hiyo cheni ya kupandia usiihesabu.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Angalia juu ya mstari wako, utaona herufi V zimelala zimefuatana kama msuko wa nywele, kila V ni stichi moja na sindano inapita chini ya miguu yake yote miwili. Ukishaziona hizo V umeshajua kusoma kazi yako, huhitaji video kukwambia umefika wapi. Kitambaa kikianza kuwa chembamba huko juu ujue V ya mwisho inarukwa, huwa inajificha pembeni pale, kwa hiyo funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye stichi ya kwanza na ya mwisho uwe unaiona.

Na kama cheni zinabana sindano haiingii, angalia kitanzi kinakaa wapi: kinatakiwa kikae pale sindano ilipo nene, sio kwenye shingo nyembamba karibu na ndoano. Au piga cheni za mwanzo kwa sindano kubwa kidogo, af urudi kwenye yako.

Kinachonifanya niipende kroshia ni kwamba muda wote una kitanzi kimoja tu kilicho wazi, ukitaka kufumua unavuta uzi mpaka pale unapopataka, unachomeka sindano unaendelea, uzi haupotei hata kidogo.

Mistari ikishatosha mraba umepata kishikio cha sufuria tayari, ila hicho fuma kwa uzi wa pamba tafadhali, akriliki (uzi wa plastiki) ikikutana na moto inayeyuka.